Mguu mmoja, vipimo sita: namna ya kuupima mguu kabla ya kushonewa kiatu

Mteja akinipigia simu na kusema, "Fundi, mimi ni saba," humuuliza: saba ya wapi? Ya Uingereza, ya Marekani, au ile aliyoisoma kwenye ulimi wa raba ya mtumba pale Gikomba, raba ambayo mwenyewe wa kwanza aliivaa mpaka ikatanuka? Saba ni habari za kiatu fulani kilichotoka kiwanda fulani. Mimi nataka habari za mguu wake, kwa milimita.

Nashona viatu na sandali za ngozi Kariokor, na wateja wangu wengi siku hizi hawafiki kibandani. Wako Kitengela, Ruiru, wengine Kakamega, na vipimo huja kwa WhatsApp: mchoro wa mguu kwenye karatasi ya daftari, uzi uliolazwa kando ya rula, picha ya unyayo kwenye vigae vya sebuleni. Ngozi ikishakatwa hairudi, kwa hiyo nimezilinganisha njia hizi zote kwa mguu mmoja, wangu mwenyewe wa kulia, nione kila moja inadanganya kiasi gani na inavuta upande gani. Njia inayozidisha milimita tano kila siku hainisumbui, maana nitazitoa hizo tano na kuendelea na kazi. Inayonisumbua ni ile ambayo leo inazidisha tano na kesho inapunguza nne.

Mguu wenyewe hautulii

Kabla ya kuilaumu rula, ujue kwamba unachokipima kinabadilika. Mguu una mifupa 26 iliyoshikanishwa kwa kano, na katikati umeinuka kwa upinde. Ukiutwisha uzito, upinde unashuka kidogo, mguu unarefuka na kupanuka. Wangu nikiwa nimekaa kwenye stuli una urefu wa milimita 243. Nikisimama kwa miguu yote miwili unakuwa 247, na upana unatoka 94 hadi 98. Unaweza kuzidharau milimita nne mpaka uambiwe kwamba hatua nzima ya kutoka namba 38 hadi 39 ni milimita 6.67 tu. Mtu aliyejipima akiwa ameketi kitandani, ameinama, rula mkononi, ameshanipunguzia zaidi ya nusu ya namba kabla hata sijaanza kazi.

Saa nayo ina mchango wake. Asubuhi mguu ni mwembamba, jioni umejaa, hasa kwa askari wa getini, nesi wa wodini, mwalimu, au kondakta anayesimama mlangoni mwa matatu kutoka alfajiri. Kiatu kilichopimwa saa moja asubuhi ya Julai, baridi ikiwa imeukaza mguu, kitakuja kumbana mwenyewe Februari mchana. Pima jioni, baada ya siku ya kawaida ya kazi. Kama kiatu ni cha kuvaliwa na soksi, vaa soksi hizo hizo wakati wa kupima. Kama ni sandali, mguu uwe mtupu.

Pima miguu yote miwili. Ni nadra sana kukutana na mtu ambaye wa kushoto na wa kulia vinalingana kwa kila kipimo. Kiwanda hakina la kufanya, kinakuuzia jozi moja, kwa hiyo dukani chagua kwa mguu mkubwa. Fundi wa mkono anaweza kushona kila upande kwa kipimo chake, ila mpaka aambiwe. Halafu angalia kidole kirefu ni kipi. Wengi hudhani ni gumba, na kwa watu wengi ni gumba kweli, lakini wapo ambao kidole cha pili kimelipita. Ukipima hadi gumba kwa mtu huyo, umemnyima kidole chumba.

Kisigino ukutani

Hii ndiyo njia ninayoitegemea zaidi kwa urefu, na ndiyo ninayokutaka uifanye ukiwa mbali nami. Unahitaji karatasi ya A4, kitu kigumu chenye pembe mraba, na mtu wa pili. Usijipime peke yako. Ukiinama kutazama vidole, uzito unahamia mbele, kisigino kinainuka kidogo, na mguu unabadilika mbele ya macho yako.

Tafuta sakafu ngumu, ya simenti au vigae. Zulia halifai. Ukuta uwe umenyooka hadi chini. Nyumba nyingi za kupanga Nairobi zina ukanda wa mbao au vigae chini ya ukuta, na pale kwenye kona ya sakafu simenti huwa imejaa ikafanya mviringo. Kisigino chako kitagusa ule ukanda, karatasi nayo itaishia kwenye mviringo, na hapo umepoteza milimita kadhaa bila kujua. Ukiona hivyo, achana na ukuta. Egemeza kipande cha ubao mnyoofu, au boksi la kiatu lililojazwa vitabu lisisogee, na hilo ndilo liwe ukuta wako.

Simama wima, miguu imeachana kama unavyosimama ukisubiri matatu, uzito sawa kwa pande zote mbili, macho mbele. Kisigino kiguse ukuta bila kuusukuma. Mwenzako ashushe kile kitu kigumu mbele ya kidole kirefu, pembe yake moja ikilala sakafuni na upande wake ukisimama wima, akisogeze taratibu mpaka kiguse kidole bila kukikunja, halafu apige mstari kwenye karatasi. Kucha ndefu ikatwe kwanza, maana kiatu hakishonewi kucha. Ondoa mguu kabisa, tembea hatua chache, rudi, rudia. Fanya hivyo mara tatu kwa kila mguu na uchukue kipimo cha katikati. Vikipishana kwa zaidi ya milimita tatu, kuna kitu kinasogea: karatasi, boksi, au wewe.

Rula nayo itazame. Rula nyingi za plastiki za shule hazianzi kwenye sifuri pale zinapoanza, zina kipande kitupu mwanzoni. Ninayo ya chuma, sentimita 30, ya dukani Kirinyaga Road, na kila tepu inayoingia kibandani naipima kwa hiyo. Kama huna rula ya kuaminika, karatasi ya A4 yenyewe ni kipimo: urefu wake ni milimita 297 na upana 210, popote ilipochapwa. Lakini iwe A4 kweli. Daftari la mtoto si A4.

Kwa njia hii mguu wangu ulitoa 247, 246, 247. Fundi anayetumia kalipa kubwa, ile yenye meno mawili yanayoubana mguu mbele na nyuma, atapata usahihi zaidi kidogo, hasa wa upana. Kwa kiatu cha ngozi ambayo itanyooka yenyewe ndani ya mwezi, sioni haja ya kumwambia mteja anunue kalipa.

Mchoro wa penseli, anaoupenda kila mtu

Watu wanapoambiwa "pima mguu" huweka mguu kwenye karatasi na kuuzungushia penseli. Mchoro ni mzuri kwa jambo ambalo njia zingine hazilitoi: unaonyesha umbo. Naona vidole vimepangana vipi, kama kuna nundu pembeni mwa gumba, ukanda wa sandali upite wapi. Kwa urefu, lakini, mchoro ni mwongo wa kutegemewa, na uongo wake unaweza kuhesabiwa.

Penseli ya kawaida ya pande sita ina unene wa karibu milimita 7, na risasi yake iko katikati. Ukiishika wima kabisa, ubavu wake ukigusa ngozi, mstari unapita milimita 3.5 nje ya mguu. Mbele 3.5, nyuma 3.5, jumla 7. Hiyo ni zaidi ya namba nzima ya kiatu, na upana nao umeongezeka vivyo hivyo. Wangu wa 247 ulitoka 254 kwenye mchoro. Sasa mwingine hulaza penseli, ncha ikaingia chini ya mguu, hasa kwenye upinde na nyuma ya kisigino ambako mguu umejikunja kwenda ndani. Huyo atapata mguu mdogo kuliko wake. Watu wawili, mguu mmoja, penseli moja, na tofauti inaweza kuzidi sentimita.

Dawa ni rahisi. Fungua kalamu ya kawaida ya wino, ile ya Bic au mfano wake, toa mrija wa wino wa ndani, na uchore kwa huo mrija ukiwa wima. Unene wake ni kama milimita 3, kwa hiyo kosa linashuka hadi karibu milimita moja na nusu kila upande, na ni lile lile kila mara. Mafundi wengine huipasua penseli katikati kwa urefu na kuchora upande ule bapa ukigusa mguu. Inafanya kazi vizuri, ila kuipasua bila kuivunja risasi kunataka subira ambayo sina.

Mchoro ukishakamilika, mguu ukiwa bado juu ya karatasi, mwenzako apapase pembeni. Upande wa ndani, nyuma kidogo ya gumba, kuna mfupa uliotokeza. Upande wa nje, nyuma ya kidole cha mwisho, kuna mwingine, na huo uko nyuma zaidi kuelekea kisigino. Weka alama penye mifupa hiyo miwili. Mstari unaoiunganisha umekaa mshazari, na hapo ndipo kiatu hukunjika unapotembea. Anayepima upana kwa kukata moja kwa moja kushoto kwenda kulia amepima mahali pengine.

Uzi, kijiti, na soksi ya ngumi

Uzi ni wa kuachwa. Wa sufi unavutika, wa katani umejikunja, na anayeukata huuvuta kwa nguvu anazozijua mwenyewe. Nimewahi kupokea nyuzi mbili kutoka nyumba moja za mguu mmoja, na hazikulingana.

Kijiti ni habari nyingine. Mama wa shambani anapomtuma mtu Nairobi amnunulie mtoto viatu vya shule, humpa kijiti alichokikata sawasawa na unyayo wa mtoto. Watu wa mjini hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu kijiti hakivutiki, na kina jambo ambalo rula haina: kinaingia ndani ya kiatu. Rula inakupa namba ambayo itabidi uitafsiri kwa lugha ya kiwanda. Kijiti kikiingia mpaka mbele na kubaki na nafasi, umeshapata jibu bila hesabu. Kikatwe tu mtoto akiwa amesimama, na kiongezwe sentimita moja ya nafasi. Ukipata bati jembamba au kadibodi ngumu, bora zaidi: kata umbo zima la unyayo, ongeza hiyo sentimita mbele, utumbukize kwenye kiatu. Hapo utaona na upana pia.

Ile ya kuizungushia soksi ngumi, ambayo kila muuza soksi wa mtumba ataifanya mbele yako, inatosha kwa soksi kwa sababu soksi inavutika na kusamehe. Kwa kiatu usiitumie.

Unyayo wa maji

Lowesha mguu, kanyaga karatasi ya khaki au gazeti kavu, inua. Wengi hupima urefu wa alama hiyo na kunitumia. Itakuwa fupi, kila mara. Kisigino kimeviringika nyuma, na sehemu inayogusa sakafu haifiki mwisho wa mguu. Ncha za vidole nazo ziko juu kidogo. Alama yangu ilikuwa 236, yaani milimita 11 pungufu.

Mimi huitaka alama hii kwa sababu ya upinde. Ikiwa katikati kuna kiungo chembamba au pengo, upinde uko juu. Ikiwa unyayo umejaa wote, mguu ni bapa, na huenda ukarefuka zaidi ukibeba mzigo. Kwa mteja mwenye unyayo uliojaa hivyo, kipimo cha kukaa sikitumii kabisa.

Simu

Kijana wangu wa kazi anaamini simu inajua kila kitu. Tumebishana sana juu ya hili, na rula ya chuma ndiyo imekuwa mwamuzi.

Zipo programu zinazotaka uweke mguu kwenye karatasi ya A4 na kupiga picha. Programu inaijua karatasi, inahesabu mguu. Shida ni kwamba karatasi iko sakafuni na mguu umeinuka juu yake. Kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Mgongo wa kisigino unatokeza zaidi sentimita mbili au tatu juu ya sakafu, na kwa kamera iliyo nusu mita juu yake, hicho kisigino kinasukumwa nje kwenye picha kwa milimita kadhaa. Nilipopimwa kwa picha ya nusu mita, nikihesabu kwa mkono bila programu, mguu wangu ulikuwa 256. Alipopanda juu ya stuli na kupiga kutoka kama mita moja na nusu, ulirudi 250. Kwa hiyo ukilazimika kutumia picha, iwe kutoka juu, simu sambamba na sakafu, katikati ya mguu, na mbali kadiri unavyoweza, halafu uvute kwa zumu.

Simu zenye kihisi cha leza, kama iPhone za Pro tangu mwaka 2020, zinapima umbali wenyewe na huweza kuutengeneza mguu mzima kwa pande zote. Kuna na mashine za kusimama ambazo hufanya hivyo kwa sekunde chache. Hizo ninazitamani, kwa kuwa zinatoa umbo la mgongo wa mguu ambalo karatasi haiwezi kulitoa. Lakini mtu akisimama vibaya juu ya mashine, mashine itapima usimamaji wake mbaya kwa usahihi mkubwa.

Na usidhani tamaa ya mashine ni ya leo. Kuanzia miaka ya 1920 maduka ya viatu ya Marekani na Uingereza yalikuwa na mashine za eksirei: mtoto anasimama, anaingiza miguu kwenye tundu, mama anachungulia juu na kuona mifupa ya vidole ndani ya kiatu kipya. Ziliondolewa baadaye kwa sababu ya mionzi, na wala hazikuwa zikipima kitu ambacho kidole gumba cha mama hakingeweza kukipima kwa kubonyeza.

Chuma cha Brannock

Hiki nimekitaja mwisho kwa sababu ni wachache wanaokipata hapa. Ni bamba la chuma lenye kikombe cha kisigino na vitelezi viwili. Alikitengeneza Charles Brannock wa Syracuse, New York, ambaye baba yake alikuwa na duka la viatu. Cha majaribio alikiunda kwa vyuma vya kuchezea watoto, na mwaka 1928 alipata hataza.

Werevu wake uko kwenye kitelezi cha pembeni. Chuma hiki hakipimi kisigino hadi kidole tu. Kinapima pia kisigino hadi ule mfupa uliotokeza nyuma ya gumba. Watu wawili wanaweza kuwa na mguu wa urefu mmoja, mmoja ana vidole virefu na mwingine vifupi. Kiatu lazima kikunjike pale mfupa unapokunjika, kwa hiyo kila kipimo husomwa kama namba ya kiatu, na namba kubwa kati ya hizo mbili ndiyo huchukuliwa. Unaweza kuiga hili kwa karatasi: ukutani, pima pia kutoka kisigino hadi mfupa wa ndani uliouwekea alama. Wangu ni 181. Hicho ni kipimo ambacho karibu hakuna mteja anayenitumia mpaka nimwombe, na bila hicho sijui lasti ipi nichukue, maana lasti, lile umbo la mbao au plastiki tunalovutia ngozi juu yake, lina mahali pake pa kukunjika.

Udhaifu wa chuma: hakijui unene wa mguu. Kinaona upana kutoka juu, basi.

Mzingo, kipimo kinachosahaulika

Hapa ndipo viatu vingi hufia. Wateja wawili walikuja na urefu wa 260 kila mmoja. Mmoja mzingo wake penye mifupa ile miwili ulikuwa 240, mwingine 263. Mguu wa kwanza ni mwembamba na wa chini, wa pili umejaa na mgongo wake umeinuka. Kwa namba, wote wangeuziwa kiatu kimoja. Mmoja kingempwaya, mwingine angekivua chini ya meza kanisani.

Chukua mizingo mitatu. Wa kwanza unapita juu ya mfupa wa ndani na wa nje, ule mstari wa mshazari. Wa pili ni katikati ya mguu, pale mgongo unapoinuka juu zaidi kabla ya kufika kwenye kifundo. Wa tatu, kwa kiatu kinachofunika au buti, huzunguka kutoka nyuma ya kisigino chini hadi kwenye kunjo la mbele ya kifundo. Huu wa tatu ndio unaoamua kama mguu utaingia kwenye buti au hautaingia.

Tepu ya fundi cherehani iliyotumika sana huwa imevutika. Ilinganishe na rula kabla ya kuiamini. Kama huna tepu, kata ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita moja, uzungushe, weka alama pale unapokutana, ulaze mezani na uupime. Karatasi haivutiki, na kwa wateja wa mbali naipenda kuliko tepu. Ukanda ukae juu ya ngozi bila kuibonyeza.

Mzingo ndio kipimo ambacho mimi na kijana wangu tunatofautiana zaidi, kwa sababu kila mtu anaitafuta mifupa kwa kidole chake. Tulipoanza kuitia alama ya kalamu kwenye ngozi kwanza, ndipo tepu ipite juu ya alama, tofauti ilipungua mno. Na anayeanza kupima mguu wa kushoto ndiye aumalize wa kulia. Msigawane.

Kutoka milimita hadi namba

Ukitaka kununua dukani, hesabu ni hii. Namba za Ulaya, 38, 39, 42, zinahesabu urefu wa lasti kwa theluthi mbili za sentimita. Namba za Uingereza zinakwenda kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5 kila hatua, na za watu wazima zinaanzia mbali: chukua urefu wa lasti kwa inchi, zidisha kwa tatu, ondoa 25. Marekani wana hatua hiyo hiyo ya theluthi ya inchi, lakini wanaanzia pengine, na wanawake wana ngazi yao tofauti na ya wanaume. Ndiyo maana "saba" hainiambii kitu.

Angalia kwamba hizo za Ulaya na Uingereza zinahesabu lasti, na lasti ni ndefu kuliko mguu. Kiatu cha kufunika huongezwa kama milimita 10 hadi 15, cha mbele kali zaidi ya hapo. Mguu wangu: 247 na 15 ni 262. Sentimita 26.2 ukizidisha kwa tatu na kugawa kwa mbili ni 39.3. Kwa inchi ni 10.3, mara tatu ni karibu 31, toa 25, inabaki 6. Basi 39 ya Ulaya, 6 ya Uingereza. Kwa sandali ya wazi naongeza kama milimita tano tu, maana ikizidi hapo mbele inakunjika na kukukwaza kwenye ngazi.

Mfumo ninaoupenda ni Mondopoint, wa kiwango cha kimataifa cha ISO 9407, unaotumiwa kwa buti za kijeshi. Unaandika urefu na upana wa mguu wenyewe kwa milimita, mfano 247/98. Hakuna punje za shayiri, kama ile theluthi ya inchi ilivyoitwa zamani, hakuna theluthi za sentimita. Ukiona tarakimu za namna hiyo ndani ya buti la mtumba, hizo zisome kwanza.

Watoto, na miguu ya kuangaliwa zaidi

Mtoto usimuulize kama kiatu kinambana. Atasema hakimbani ikiwa anakipenda. Tena akibonyezwa mbele ya kiatu hukunja vidole, ukadhani pana nafasi. Kadibodi ndani ya kiatu haikunji vidole. Mpime upya kila kabla ya kununua, hata kama ulimpima muhula uliopita, na usimnunulie cha kuvaa miaka miwili. Kiatu kikubwa mno kinateleza kisigino na kumchubua.

Mwenye kisukari ni tofauti. Wengine hupoteza hisia kwenye nyayo, na kiatu kinaweza kuwachubua wasijue. Kwa mtu huyo neno "kinanitosha" halitoshi, hata akiwa mzee ninayemheshimu na amesisitiza. Nampima kwa ukanda wa karatasi, naukagua mguu wote, na kama kuna kidonda au umbo limebadilika simshonei. Namwambia aende kliniki ya kisukari kwanza, arudi na maelekezo yao.

Ukinitumia vipimo, andika yote kwenye karatasi ile ile ya mchoro: urefu wa kila mguu ukiwa umesimama, kisigino hadi mfupa wa ndani, mizingo mitatu, saa uliyopima, soksi au mguu mtupu, na umechora kwa penseli nzima au kwa mrija. Piga picha karatasi ikiwa mezani, kona zote nne zionekane, nipate kujua kama picha imepinda. Kama una mimba ya miezi ya mwisho, au mguu umevimba kwa ugonjwa, niambie, nami nitakushonea sandali ya mikanda ya kulegeza. Kiatu cha kufunika tutakipima uvimbe ukishuka.